Mwimbishaji Kutoka Siakago

Mimi nilikuwa mwalimu wa Historia. Waimbaji nilipewa kwa sababu moja tu, kwamba nina sauti kubwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Madam Felicitas, wewe ukikohoa darasani sisi huku tunasikia. Chukua waimbaji." Haya, nikawachukua. Hakuniuliza kama naujua muziki, wala mimi sikumwambia.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Githongo, ya wasichana watupu, imezungukwa na mashamba ya kahawa pande zote. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Siku hizo timu ya netiboli haikwenda popote bila waimbaji. Lori likija, mbele wanapanda wachezaji, nyuma wanapanda waimbaji, na ole wako mwalimu ukiwasahau waimbaji, maana timu yenyewe itakataa kupanda. Tena usidhani nasema kwaya ya kanisa, ile ya kushika vitabu na kutazama dari. Hawa walisimama kando ya uwanja wakaimba tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Waliimba nyimbo za mama zao, za harusi, za kuvuna, za kumpokea mtoto mchanga, wakibadilisha maneno ili kumsifu mfungaji wetu na kumcheka mlinzi wa watu. Mbele yao husimama mmoja, mwimbishaji. Yeye anatoa mstari, wengine wanaitikia. Asipoitikiwa, basi ni msichana anayepiga kelele peke yake mbele ya watu, na hakuna aibu kama hiyo shuleni. Heri ukose jibu la hesabu ubaoni.

Mwimbishaji wetu Karambu alipomaliza kidato cha nne, kila mtu alijua kiti chake ni cha Kanana. Kanana alikuwa amesimama karibu naye miaka yote. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, anayependwa hata na wapishi, na akisema "twendeni" wanakwenda kabla hawajauliza wapi. Lakini sauti! Jamani. Kanana akiimba ulitamani kumletea maji. Nami, kama nilivyosema, muziki siujui, ila masikio ninayo.

Sasa nikawa katika hali hiyo ya kutafuta mwimbishaji, na mwalimu wa kilimo akapanda mtama. Alisema ni majaribio. Alitenga kishamba nyuma ya chumba cha walimu, mtama ukamea vizuri, ukatoa masuke, na ndege wa Meru nzima wakapata habari. Sisi watu wa milimani tunajua kahawa na chai. Ndege wa nafaka tunawatazama tu wakila. Mwalimu wa kilimo akauliza darasani nani anajua kufukuza ndege, na mkono mmoja ukainuka, wa Alice Kathuri wa kidato cha pili.

Alice alikuwa mgeni kwetu. Babake, afisa wa kilimo, alikuwa amehamishwa kutoka Siakago, kule chini kwenye joto na mawele, akaja na jamaa yake yote isipokuwa nyanya aliyekataa kuacha mbuzi zake. Wasichana wetu walimcheka Alice tangu siku ya kwanza. Walicheka Kimeru chake kilichojaa Kimbeere, walicheka alivyotetemeka kwa baridi ya asubuhi, wakamwita Wa Mbuzi. Yeye alikuwa mpole, hakujibu. Alikula peke yake mwisho wa meza.

Basi siku hiyo nasahihisha madaftari karibu na dirisha, nikasikia sauti huko nje. Wee! Kalamu ilinisimama mkononi. Alice alikuwa amepanda juu ya meza mbovu katikati ya mtama, mikono kiunoni, anaimba kwa Kimbeere. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa hivi: "Shamba hili lina nani?" Halafu ananyamaza, anageuza kichwa kama anayesikiliza ng'ambo, kisha anajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo, "Lina mwenyewe." Sauti haikuwa nene wala nyembamba. Ilitoka tu, ikavuka ua, ikafika kwenye kahawa ya jirani na nadhani ikaendelea.

Nilitoka nikamwuliza, "Mbona unajijibu?"

"Madam, huu wimbo ni wa watu wawili," akasema, akishuka mezani kwa heshima. "Kwetu, wakati wa kuamia mawele, kuwafukuza ndege, kila mmoja yuko kwenye shamba lake. Ukiita, jirani anaitikia kutoka lake. Asipoitikia unajua amelala au ni mgonjwa, unaenda kumwona."

"Na akiitikia?"

"Unajua hauko peke yako. Na ndege wanajua pia."

Nilirudi ndani nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nimepata mwimbishaji.

Jumamosi mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Nilimsimamisha Alice mbele, nikawatangazia. Hakuna aliyelalamika. Ningepaswa kujua hapo hapo, maana wasichana wasiolalamika wamepanga jambo. Kanana alikuwa mstari wa nyuma, amekunja mikono, anatabasamu kwa adabu. Alice akaanza wimbo wetu wenyewe wa kila siku, ule tulioingia nao kila uwanja, ambao hata paka wa jikoni aliujua. Akatoa mstari wa kwanza vizuri sana. Akanyamaza kupisha itikio.

Kimya. Waimbaji wote wamefunga midomo, macho kwenye dari.

Akatoa tena. Kimya. Mtu mmoja huko nyuma akalia kama mbuzi, wakacheka.

Alice akanigeukia. Sikuona machozi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kweli kweli. Akaniuliza polepole, "Madam, ni wagonjwa?"

Haki ya Mungu nilikasirika. Mimi si mtu wa hasira, ingawa wanafunzi wangu watakwambia vingine. Nilipiga meza nikawaambia watalima kishamba chote cha shule, watafua mapazia, watakosa mkate wa Jumapili, na kila nilichokumbuka. Nilipokuwa natafuta adhabu nyingine, Alice akanivuta kando.

"Madam, tafadhali, usiwaadhibu. Wakiitikia kwa sababu ya adhabu haitakuwa wameniitikia mimi."

"Basi unataka nifanye nini, msichana?"

"Mpe Kanana nafasi hii. Na mimi nimwombe baba nirudi kwa nyanya, nisome shule ya huko. Kule watu wananijua. Hapa, Madam, ni kama nimekaa shambani na mashamba mengine yote hayana watu."

Hilo lilinikata maini. Mtoto wa kidato cha pili anakwambia neno kama hilo. Nikamwambia asubiri. Mashindano ya mkoa yalikuwa Embu, mwisho wa mwezi. Asubiri tu hadi Embu. Huko akianzisha asiitikiwe hata na mmoja wetu, mimi mwenyewe nitakwenda kwa babake nimwambie, mzee, mpeleke mtoto kwa nyanyake. Akakubali. Hasira yangu nikaimeza, mapazia yakabaki bila kufuliwa, na kwa muda Kanana akawa ndiye anayeimbisha.

Siku ya Embu tuliondoka asubuhi. Lori lilishuka bonde la Mutonga likapanda, likashuka la Thuchi likapanda, na njia nzima Kanana ndiye aliyeimbisha, wakamwitikia hadi vumbi likawaingia kooni. Alice alikaa karibu na tairi la akiba, anatazama nje. Kila tulivyozidi kushuka, hewa ikawa ya joto, naye akafungua vifungo vya sweta kama mtu anayekaribia kwao. Mimi nilikuwa mbele na dereva, lakini kila nikigeuka kuchungulia kwenye kijidirisha nilimwona yeye tu. Nilianza kuamini kwamba nitampoteza.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa dhidi ya nani? Dhidi ya wasichana kutoka upande wa Siakago. Ndiyo, watu wa kwao Alice. Walikuja na sketi za rangi ya udongo na waimbaji wengi kuliko sisi, mbele yao msichana mnene mwenye meno mazuri, anaitwa Lydiah. Kanana alipojua wanakotoka alimtazama Alice, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo tutajua wa nani ni wa nani." Alice akainamisha kichwa.

Mechi ikaanza. Nitasema ukweli, walitushika vibaya. Mfungaji wetu alikuwa akiona kikapu kama kiko Nairobi. Kanana akaimbisha kwa nguvu zote, lakini koo lililokula vumbi tangu Mutonga likamsaliti. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Pumzi. Waimbaji wetu wakabaki wanatazamana, na ng'ambo ya uwanja watu wa Siakago wanaimba hadi ardhi inatikisika.

Nikamwangalia Alice, nikamwonyesha kwa kichwa: sasa.

Akatoka mbele. Alianza na wimbo wetu wa kila siku, mstari wa kwanza. Nikawaangalia wasichana wangu mmoja mmoja. Hata mmoja hakufungua mdomo. Kanana, koo limekwisha, bado alikuwa amewakazia macho, nao waliogopa macho yale kuliko kushindwa. Alice akasimama hapo peke yake mbele ya watu wa mkoa mzima. Nikajilaumu kwa nini nilimwambia asubiri Embu.

Kisha akageuka. Akawapa wasichana wetu mgongo, akautazama uwanja, na ng'ambo ya uwanja. Akaweka mikono kiunoni.

"Shamba hili lina nani?"

Aliimba kama alivyoimba juu ya ile meza mbovu, si kwa mtu yeyote. Nadhani alikuwa ameshakata tamaa na sisi, akaimba tu kile alichokuwa nacho. Sauti ikavuka uwanja.

Na ng'ambo ya uwanja, wasichana wote wa Siakago, katikati ya wimbo wao wenyewe, wakaukata wakaitikia.

"Lina mwenyewe!"

Hawakufikiri. Mtu wa kule akisikia mwito ule haulizi ni wa nani, kama vile wewe ukibishiwa hodi husemi "karibu" baada ya kufikiria. Alice mwenyewe alishtuka. Akatoa tena, "La mawele lina nani?" nao "Lina mwenyewe!" wakipunga mikono juu kama wenye kombeo. Hata wachezaji wao! Mfungaji wao alikuwa ameshika mpira mbele ya goli letu, hakuna wa kumzuia, na badala ya kurusha akageuza kichwa akaitikia kwa mdomo wazi. Refa akapiga kipenga, umekaa na mpira, toa. Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu wao akanijia mbio, ati tumetumia hila.

"Hila gani?" nikamwambia. "Mimi nimekuja na mwimbishaji, wewe umekuja na watu wasioweza kunyamaza. Kwani mimi ndiye niliyewazaa?"

Akaenda zake akinung'unika. Lakini mimi sikuwa na furaha yoyote, kwa maana nilimwona Lydiah akitembea kando ya uwanja kuja upande wetu, bado anaitikia, meno yote nje. Akafika umbali wa hatua chache, akamnyooshea Alice mkono.

"Ala! Wewe ni wa kwetu! Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Kathuri," Alice akasema.

"Kathuri wa kilimo? Na nyanyako ni yule wa mbuzi, karibu na kisima? Yesu wangu! Sasa unafanya nini huku na watu hawa, hata hawakuitikii? Njoo upande huu. Njoo!"

Alice akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mwanafunzi. Alikuwa ananiomba ruhusa, na alikuwa na haki ya kuipata, maana tulikuwa tumepatana: asipoitikiwa hata na mmoja wetu. Nilitaka kusema usiende. Nikashindwa. Nikatikisa kichwa kidogo, ndiyo, nenda mwanangu. Naye akainua mguu akapiga hatua moja kuelekea kwa Lydiah.

Hapo mkono ukamshika sketi kutoka nyuma.

Alikuwa Kanana. Sijui alifikaje mbele, maana koo lilipokwisha alikuwa amerudi mstari wa tatu. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, lakini si kwa Alice. Alikuwa anamwangalia Lydiah kama mtu aliyemkuta jirani akifungua mlango wa zizi lake.

"Wewe!" akasema kwa ile sauti iliyokwisha, kama kufuli lenye kutu. "Unamwita unampeleka wapi? Huyu ana wenyewe!"

"Wenyewe gani na mmemnyamazia?" Lydiah akauliza, mikono kiunoni.

"Tumemnyamazia ni shauri letu! Tukitaka tutamnyamazia, tukitaka tutamwitikia. Wewe yanakuhusu nini?" Akamgeukia Alice, bado ameshika sketi. "Toa."

"Nitoe nini?" Alice akauliza.

"Huo wa ndege. Toa, nimesema!"

Alice akatoa. Sauti ilimtetemeka mara hii. "Shamba hili lina nani?"

"Lina mwenyewe!" akaitikia Kanana, na tusidanganyane, ilikuwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia katika ualimu wangu. Iliparuza. Wengine kule wakacheka. Lakini nyuma yake wasichana wetu wakaangaliana, wakamwona Lydiah amesimama pale anasubiri kumchukua mwimbishaji wao mchana kweupe, na roho zao zikakataa. Mmoja akaitikia. Halafu watatu. Halafu wote, wanapiga miguu chini, maneno ya Kimbeere wanayakosea vibaya, hawajali. Kumwitikia mtu akiwa wako ni jambo moja, lakini kumwitikia ukiona wengine wanamtaka ni jambo lingine kabisa, na sikuwahi kulipata hilo katika vitabu vyangu vya Historia.

Lydiah akarudi kwao mbio kuwaambia watu wake wasikubali. Basi pande zote mbili zikawa zinamwitikia msichana mmoja, kila upande ukitaka kuzidi mwenzake. Alice akapata nguvu. Akabadilisha maneno, "Goli hili lina nani?" nasi tukamwitikia, na mfungaji wetu ghafla akakumbuka kikapu kiko wapi. Nami niliitikia. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kweli kuhusu sauti yangu, watu wa jukwaa la upande ule waligeuka.

Tulishindwa mechi ile. Wasichana wa Siakago walikuwa wazuri tu, hakuna wimbo ungetuokoa. Lakini ungetuona tukitoka uwanjani usingejua nani kashinda.

Tulipokuwa tunapanda lori, Lydiah alikuja na wenzake kutuaga, akampa Alice mahindi mawili ya kuchoma na kuahidi kumfikishia nyanyake salamu. Kanana alisimama hapo hapo kati yao kama askari mpaka walipoondoka. Alipanda wa mwisho, akaenda moja kwa moja kwenye tairi la akiba, akawaondoa waliokuwa karibu, akakaa na Alice.

Mimi nilikataa kukaa mbele na dereva. Nilipanda nyuma pamoja nao, na ndiyo maana niliyasikia yote.

"Huo wimbo," Kanana akasema kwa kunong'ona, sauti ilikuwa imekwisha kabisa, "usimfundishe mtu mwingine yeyote. Ni wetu."

"Lakini wao ndio walionifundisha," Alice akasema.

Kanana akalifikiria hilo. "Basi wamechelewa," akasema.

Wasichana wakacheka, na Alice akacheka pia. Kisha katikati ya kicheko uso ukamvunjika, akaanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia kwa kwikwi, mabega yanaruka, mahindi yamemwangukia miguuni. Kanana akachanganyikiwa, msichana ambaye nilikuwa sijamwona akichanganyikiwa hata siku moja.

"Sasa unalia nini?" akamwuliza. "Siku zile tulipokunyamazia hukulia. Leo tumekuitikia ndiyo unalia?"

"Siku zile," Alice akasema, akijifuta kwa mkono wa sweta, "nilikuwa nangoja."

Kanana akamwekea mkono begani, akautoa kwa aibu, akaurudisha. Nami nikatazama pembeni, kwenye migomba ya Runyenjes inayopita, kwa sababu mwalimu haonekani akilia mbele ya wanafunzi.

"Anza basi," Kanana akamwambia. "Tuko hapa."